Baba, Zima Viatu

Mimi sikujua kama naogopa bunduki mpaka siku niliyotumwa maziwa.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa Texas, pande za Dallas. Nikafika mlango wa supamaketi, nikasimama, nikatanua mikono kama mtu wa msalaba. Nangoja kupapaswa. Si nimetoka Nairobi? Tangu lile shambulio la jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakauawa, Nairobi huingii mahali pa maana kabla askari hajakupitishia kile kifimbo cha kulia pii-pii. Ukija na gari anachungulia chini yake kwa kioo kama daktari wa meno. Kwa hivyo nimesimama. Foleni nyuma yangu inarefuka. Pale mlangoni kuna babu mzungu wa kukaribisha wateja. Akaniangalia. Akaiangalia mikono. Akanikumbatia.

Sikuwa na la kufanya. Nikamkumbatia pia. Watu walipiga makofi.

Ndani, upande wa mayai, kuna jamaa amevaa kaptura na ndala, na kiunoni ana bastola. Si polisi, si askari jela, ni mtu tu. Amefungua trei anaangalia kama kuna yai limepasuka, vile mama yangu hufanya, moja moja. Nikaacha maziwa. Nikarudi nyumbani na mkate, na mkate tulikuwa nao.

Mama Shiku, mke wangu, ni nesi, alitangulia huku miaka mitatu kabla yangu, na haongei sana. Akanieleza kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2021, hapa Texas mtu wa miaka 21 kwenda juu ambaye sheria haijamkataza anatembea na bastola yake bila leseni yoyote. Halafu akasema, "Na wacha kukumbatia watu supamaketi."

Sasa, kuna milango huku imebandikwa tangazo refu lenye nambari 30.06. Wewe Mkenya mwenzangu, ukiona 30.06 unaona nini? Tarehe 30 Juni! Siku ya mwisho ya ritani za kodi! Nikasema ala, KRA wamefika mpaka huku? Kando yake kuna lingine, 30.07. Nikafurahi sana. Wameongeza mwezi. Nikapiga picha nikaituma kwa grupu ya familia. Imenichukua miezi kuambiwa kwamba hivyo ni vifungu vya sheria ya jinai ya Texas, vya kumwambia mwenye bastola aliye na leseni asiingie nayo hapo, iwe ameificha au ameianika. Yaani nilikuwa nasoma onyo la bunduki huku nawaza kodi. Binamu yangu mmoja kule Thika aliniamini. Alipigwa faini ya shilingi 2,000, akaacha kupokea simu zangu.

Hiyo ndiyo akili unayoisoma hapa. Sasa hiyo akili ndiyo ilipewa kazi ya kununua viatu vya mtoto.

Binti yangu, Shiku mwenyewe, ana miaka sita na ana jina la mama yangu, kama mila inavyotaka, kwa hivyo mimi humwita Mami. Ubaya wa hii mila ni kwamba mtoto akishajua yeye ni mama yako, anaanza kazi. Huyu wangu ananiuliza kama nimeoga.

Nilimpatia raba za waridi zenye taa. Zilikuwa dola 25, zimeteremshwa hadi 12. Mtoto akikanyaga, kisigino kinawaka nyekundu, buluu, nyekundu, kama gari la polisi limepata mgonjwa. Nilijiona baba wa maana. Hata nilipiga picha risiti.

Siku ya kwanza tu akarudi kutoka shule na soksi. Viatu amevibeba mkononi.

"Baba, zima viatu."

"Hivi havizimwi, Mami. Vinawaka vyenyewe."

"Mwalimu amesema vinawaka gizani."

"Si ndiyo raha yake?"

Akaniangalia vile mama yangu huniangalia nikisema nimekula kwa jirani. Akaketi, akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kumbe wana mazoezi. Mwalimu anafunga mlango kwa ufunguo, anazima taa, wote wanakaa sakafuni kwenye ile kona ambayo mtu akichungulia dirisha la mlango hawezi kuwaona, na wananyamaza. Hata kupiga chafya huruhusiwi. "Na mimi nikasonga kidogo tu, Baba. Kidogo tu. Ukuta wote ukawa mwekundu."

Nilikuwa nimesimama hapo na mwiko wa githeri. Githeri ikashika chini, nikaiacha ishike.

Mimi shule yangu ya msingi, Murang'a, kengele ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye mti, na hatari pekee tuliyokuwa na mazoezi yake ni mwalimu wa hesabu. Tulimjua kwa sauti ya pikipiki. Hapa, Mama Shiku akaniambia bila kuinua macho, haya mazoezi ni sheria, hufanywa kila muhula. Na akaongeza, kwa sababu yeye ndiye hupokea majeruhi hospitalini na mimi ndiye huchoma githeri, kwamba tangu 2020 hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa Marekani kushinda risasi. Imepita hata ajali za gari. Mimi nilikuwa nimemfunga Mami kwenye kiti cha gari chenye mikanda mitano. Mitano! Nilidhani nimemaliza.

Sasa baba mwenye akili angefanya nini? Angenunua viatu vingine. Lakini mimi nimelipa dola 12, na kazi yangu ni shifti ya usiku ya kutunza wazee, nazijua dola 12 kwa majina. Usiku wa mapumziko nikaketi sakafuni jikoni na bisibisi. Nitaua taa.

Ndani ya kisigino kuna kibetri na kispringi, ukitikisa kinawaka. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Kwanza nilibandika teipu nyeusi. Ikawaka chini ya teipu, sasa inaonekana kama jeraha. Nikapaka rangi ya kucha ya Mama Shiku, tabaka tatu. Ikawaka, sasa ni ya zambarau, nzuri kushinda mwanzo. Nikatumbukiza kiatu kwenye ndoo ya maji. Ikawaka ndani ya ndoo, dari yote ya jikoni ikawa inacheza. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, ambayo mama alinifungia kwenye sanduku nikisafiri na sikuwahi kuelewa ni ya nini. Nikadunga. Nikajidunga. Nikadunga tena. Kiatu cha kushoto kikatoa mlio mdogo kama mbu, kikafa.

Cha kulia kikakataa.

Saa saba ya usiku nikashika simu nitafute mtandaoni jinsi ya kuzima viatu vya watoto. Unajua simu vile hukuvuta. Unauliza viatu, inakuletea shule, ukiuliza shule, inakuletea Uvalde.

Uvalde iko hii hii Texas, saa tano na ushee kwa gari kutoka kwangu. Tarehe 24 Mei 2022, mtu mwenye bunduki aliingia shuleni akaua watoto 19 na walimu 2. Polisi waliofika pale walikuwa 376, na dakika 77 zikapita kabla hawajamwingilia yule mtu darasani. Matthew McConaughey, yule mwigizaji, ni mzaliwa wa mji huo. Juni hiyo alisimama Ikulu ya Marekani akasimulia habari za msichana mmoja wa miaka 10 ambaye walimtambua kwa viatu. Raba za kijani. Kwenye ncha ya kile cha kulia mtoto alikuwa amechora moyo kwa mkono wake.

Mama Shiku alinikuta hapo sakafuni, kiatu kimoja kinawaka magotini kwangu. Nilitegemea anicheke. Akaketi kando yangu, akachukua ile sindano, akajaribu kidogo na yeye. Halafu akasema, "Baba Shiku, kesho nunua vingine."

Duka la viatu ni aibu nyingine. Sikutaka tena kudanganywa na kisanduku. Nilitoa viatu vya watoto kwenye rafu na kuvigonga sakafuni kimoja kimoja, niangalie kama vinawaka. Pa! Pa! Pa! Halafu nikakumbuka velkro. Ukirarua velkro kwenye chumba kilichonyamaza, inasikika mpaka chumba cha pili. Kwa hivyo nikaanza kurarua. Kraaa! Kraaa! Kijana wa duka akaja akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia natafuta viatu visivyofanya kitu. Akafikiria kidogo, akanipeleka upande wa viatu vya mazishi. Vyeusi, vya kamba. Dola 31.

Mami alivipokea kama hakimu anapokea ushahidi. Akavizungusha, akavigonga. Halafu akasema sasa lazima na mimi nifanye mazoezi.

Tukaingia kwenye kabati la nguo la Mama Shiku, mimi na yeye. Akafunga. Giza. Mimi ni mtu wa kilo 104, nimekunjwa katikati ya magauni na mashine ya kufagia. Sekunde ya kumi magoti yakalia, kah, kama kuni. "Baba." Nikanyamaza. Sekunde ya ishirini nikaanza kupumua kwa pua na pua yangu ina filimbi, huwa ninayo tangu utotoni. "Baba!" Nikapumua kwa mdomo. Halafu simu ikaita. Ni binamu wa Thika, baada ya miezi yote hiyo, ameamua kunisamehe dakika hiyo.

Mami akawasha taa. Alikuwa amekaa amekunja miguu, mikono juu ya kichwa, ametulia kama jiwe. Mtoto ambaye kanisani hawezi kutulia hata kwa sala ya chakula.

"Baba, wewe umepatikana," akasema. "Mara tatu."

Basi sasa niko na ule woga wa mtu aliyefeli. Na ukiwa na huo woga, meseji za shule ni kama mchanga machoni. Asubuhi moja nimetoka shifti, nimelala fofofo, simu ikatetemeka. Shule inasema milango ya nje imefungwa, masomo yanaendelea ndani, wazazi wasije. Mimi nilisoma "imefungwa." Nilipozinduka nilikuwa nimeshavuka mtaa mzima, nimevaa gauni la kuogea la Mama Shiku, la maua, mguuni kroksi moja.

Nikafika kona ya shule, polisi amesimama hapo na bunduki ndefu. Nikajiangalia. Mwanaume mweusi, mkubwa, anakimbia kuelekea shule ya watoto Texas, amevaa gauni. Jamani. Kukimbia nikaacha mara moja. Nikaanza kutembea vile bibi harusi hutembea. Mikono nikainua, lakini nikiinua mikono gauni linafunguka, nikishusha mikono nafikiria ataona nashika kitu. Nikaenda hivyo hivyo, mkono mmoja juu na mmoja tumboni, natabasamu. Akaniuliza kitambulisho, maana huku bila leseni yako ya udereva kupitishwa kwenye mashine ya ofisi, hata mlango huoni. Leseni iko kwenye suruali. Suruali iko nyumbani.

Na hatari ilikuwa nini? Ng'ombe. Ng'ombe wa mtu alikuwa ametoroka, yuko uwanja wa michezo, anakula maua ya shule. Watu wanne wamemzunguka wanamwongelesha Kiingereza. Mimi nimechunga ng'ombe miaka kumi na moja! Nikamwambia yule polisi niacheni niingie, nitamtoa kwa mluzi. Akaniomba kwa heshima nirudi nyumbani nikavae.

Mama Shiku ndiye alinipatia kazi ya kutuliza roho. Alisema kuogopa shule peke yake ni kuacha mlango wa nyuma wazi, kwa sababu bastola nyingi zinazomfikia mtoto ziko majumbani tu, kwa droo, chini ya mto. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria mwaka 2018 kwamba mikononi mwa raia wa Marekani kuna bunduki milioni 393. Watu wenyewe hawafiki hapo. Kwa hivyo kabla mtoto hajaenda kucheza kwa mtu, mzazi anauliza: kwenu kuna bunduki ambayo haijafungiwa? Huku kuna kampeni nzima ya hilo swali tu. Akasema, "Mami amealikwa kwa jirani Jumamosi. Wewe ndiye utauliza."

Mimi! Mimi niliyelelewa kwamba ukienda kwa watu unauliza hali, mvua, ng'ombe, halafu mvua tena! Jirani mwenyewe ni yule wa pikapu refu kama nyumba ya ghorofa, kofia haivuliwi, ndevu mpaka kifuani. Nilikaa kwenye gari langu dakika ishirini nikifanya mazoezi. Nikagonga. Nikamuuliza hali. Nikamuuliza mvua. Halafu nikafunga macho nikauliza.

Akasema ndiyo, anazo kumi na moja. Akanipeleka kuziona. Sefu yake ni kubwa kuliko bedsita niliyokodi Umoja, Nairobi, miaka minne. Zote zimefungiwa, hazina risasi, na risasi ziko sefu nyingine. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kuuliza, akasema wazazi wengi huona haya. Nikavimba kifua. Nimeweza!

"Na kwenu?" akauliza.

Nikacheka. Sisi? Bunduki? Hatuna. Tuna panga tu.

"Panga liko wapi?"

Likakwama kooni. Liko chini ya kitanda. Si ndipo panga hukaa? Akanyamaza kidogo, akasema kwa upole sana kwamba mtoto wake atangoja kuja kwetu mpaka hilo panga lifungiwe.

Kesho yake nikaenda kituo cha polisi. Vituo vingi huku hugawa bure kufuli ya waya, unapitisha ndani ya bunduki isiweze kufyatuka. Afisa akauliza, ni ya aina gani ya silaha? Nikamwambia panga. Akaandika. Akaniangalia. Akafuta. Alinipa kufuli mbili nafikiri ili niondoke. Panga sasa liko ndani ya sanduku la safari, na sanduku liko juu ya kabati, na wezi wakija itabidi wanisaidie kuliteremsha.

Lakini kuna mtu sikumuuliza, na ndio ujinga wangu wote uko hapo. Mzee wetu wa kanisa, mtu wa kwetu, anayeomba kabla ya kuwasha gari. Unamuulizaje mtu kama huyo? Jumapili tuko kwake, watoto wanacheza ghorofani, chapati zimepangwa, Arsenal inacheza. Kwenye kochi kuna kitu kigumu kinanichoma upande mmoja. Nikajua ni rimoti. Nimevumilia kipindi chote cha kwanza, kwa heshima. Wakati wa mapumziko nikaingiza mkono chini ya mto nikaitoa.

Haikuwa rimoti.

Nimesimama sebuleni kwa mzee wa kanisa na bastola mkononi, nimeielekeza kwenye televisheni. Hakuna aliyesonga. Juu yetu watoto wanakimbia, du, du, du.

"Ah, hiyo," akasema Mzee. "Hiyo ni ya wezi."

"Sasa mbona iko kwa kochi, Mzee?"

"Si wakija watanikuta hapo nikiangalia mpira?"

Niliiweka mezani taratibu kama yai. Mikono ilitetemeka mpaka sahani zikaongea. Na Mzee amenuna, ati namwaibisha mbele ya wageni, ati Baba Shiku umeanza uzungu. Nikamwambia kuhusu watoto juu. Akasema watoto wake wana adabu. Nikamwambia kuhusu Uvalde. Akasema Mungu ni mlinzi. Ndio nikamwambia kuhusu wale wazazi wa Michigan, ambao kijana wao alichukua bastola akaua wanafunzi wanne pale Oxford mwaka 2021, na Aprili 2024 baba na mama, wote wawili, wakafungwa miaka 10 hadi 15.

"Wazazi?" akauliza Mzee. "Miaka kumi? Na ile ploti yangu ya Juja nani atamalizia kulipa?"

Kufuli ya pili ilikuwa kwenye gari. Nilienda kuichukua nikikimbia, na wakati huu nilikuwa na suruali. Wiki iliyofuata akanitumia picha: bastola, waya umepita ndani, kufuli imebana. Chini ameandika kama nina ufunguo wa ziada, maana wake umepotea na hajui ulipo. Nikamjibu sina. Ninao wote wawili kwenye droo ya soksi, na Mungu anisamehe.

Vile viatu vya taa sikuvitupa. Dola 12! Shemeji alikuwa anaenda nyumbani Desemba, nikamfungia, kimoja hai na kimoja marehemu, nikamwambia ampe mtoto wa dada yangu anayekaa kwa mama kule ushago. Juzi mama akapiga simu. Nilijua ananigombeza kwa sababu ya kile kibovu.

Hata hakukitaja. Alisema stima zimepotea siku tatu, na mtoto ni mtundu, ikifika jioni hatulii ndani. Lakini siku hizi hahangaiki kumwita. Anasimama tu mlangoni, anaangalia shambani kwenye giza, na anamwona alipo.